Karavati la Matundu Mawili: Kisa cha Mtaro Mmoja wa Dodoma

Mtaro ninaouzungumzia unaanzia kwenye mteremko wa mawe, unapita nyuma ya gulio la mtaa, unapokea mitaro midogo minne ya vichochoroni, kisha unaingia chini ya barabara ya lami kwa karavati la matundu mawili ya duara. Ng'ambo ya barabara unamwaga kwenye korongo la mchanga. Mtaa wenyewe sitautaja. Mitaa ya namna hii Dodoma ni mingi, na atakayesoma akiwa Chang'ombe, Nkuhungu au Kizota huenda akauona wa kwake humu.

Kwa misimu miwili mfululizo, mvua kubwa ya kwanza iliziba karavati hilo. Maji yalirudi nyuma, yakapanda barabarani, yakaingia vyumba vya upande wa chini wa gulio. Msimu wa kwanza mdomo wa karavati ulikuwa wazi. Msimu wa pili ulikuwa na wavu mpya wa nondo, uliowekwa kwa michango ya wakazi ili kuzuia taka, na maji yakapanda zaidi ya mwaka uliotangulia. Watu walivunjika moyo. Wapo waliosema fedha zimeliwa. Fedha hazikuliwa, wavu ulikuwepo na kila mtu aliuona. Nimo kwenye kamati ya mazingira ya mtaa, na naandika kisa hiki kwa sababu wavu ule ulitufundisha zaidi ya mikutano yote, na kwa sababu najua kuna mitaa mingine inakusanya michango ya wavu kama huo hivi sasa.

Kilichotoka ndani ya tundu

Asubuhi baada ya ile mvua ya msimu wa kwanza, vijana waliingia na sepetu na majembe. Tulikubaliana tusirundike kila kitu pamoja, bali tutenge kadiri kinavyotoka, ili tujue hasa kilichoziba ni nini. Naushauri kila mtaa ufanye hivyo walau mara moja, maana mawazo tuliyokuwa nayo kichwani yalikuwa tofauti na tulichokiona.

Mdomoni kabisa kulikuwa na matawi ya miiba, yale yanayokatwa kuzungushia bustani na mazizi, yamejibana kwa upana wa tundu. Kwenye matawi imenasa mifuko ya salfeti na kipande cha turubai. Juu ya salfeti ndipo ilipotanda nailoni: vifungashio vyepesi vya sukari, vya karanga, vya barafu, vya mkaa wa kupima, kimoja juu ya kingine, vimebana kiasi kwamba maji yaliyosimama nyuma yake hayakupenya hata kwa kudondoka. Katikati zilikuwepo pempasi zilizovimba maji, ambazo ukiinyanyua moja kwa sepetu inachanika na kumwaga ute wake. Chupa za plastiki zilikuwa chache kuliko tulivyotarajia, na zote zilikuwa juu, zinaelea. Nyuma ya vyote hivyo, ndani ya tundu, ni mchanga mtupu mwekundu, umetulia hadi nusu ya kimo.

Mpangilio huo una sababu. Chupa ndiyo inayolaumiwa kila mahali kwa kuwa inaonekana, lakini chupa inaelea, na mara nyingi waokota makopo wameshaipitia kwa kuwa ina mnunuzi. Kinachoanzisha kizibo ni kitu kirefu kinachojibana: tawi, salfeti, kipande cha mkeka. Kinachokamilisha kizibo ni kitu chembamba kinachotanda. Hapo maji yanapungua kasi, na maji yakipungua kasi hayawezi tena kubeba mchanga, yanautua palepale. Siku nyingine ukija kuondoa taka za mdomoni unadhani umemaliza, kumbe ndani tundu limebaki nusu. Na nusu hiyo si nusu ya kazi. Kwa hesabu ya kawaida ya wahandisi, bomba la duara lililojaa mchanga hadi nusu ya kimo hubakiwa na kama theluthi moja tu ya uwezo wake wa kupitisha maji, kwa sababu maji yaliyobaki yanasugua sakafu ya mchanga pamoja na kuta. Karavati letu la matundu mawili lilikuwa linafanya kazi pungufu ya tundu moja.

Miezi saba ya kukusanya, nusu saa ya kubeba

Dodoma hupata wastani wa mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, wakati mwingine ikianza mwishoni mwa Novemba. Kuanzia Mei mtaro ni mkavu. Watoto wanapita humo kwenda shule, kuku wanachakura, mtu anaegesha mkokoteni wake humo ili usiibe nafasi ya barabara. Mtaro mkavu haumtishi mtu, na kitu kinachotupwa humo Julai hakimrudii aliyekitupa Julai. Agosti mpaka Oktoba upepo unaingia kazini. Kila mkazi wa Dodoma anaujua upepo huo na vumbi lake: unachukua nailoni kutoka barazani, sokoni, kwenye kontena la taka lililoachwa wazi, na unazisukuma mpaka zipate shimo la kujificha. Shimo la karibu ni mtaro.

Kwa hiyo mvua ya kwanza haikuti taka za wiki hiyo. Inakuta taka za miezi saba, zimekauka, ni nyepesi, zinasubiri tu kunyanyuliwa. Na mvua zetu, chache zilivyo, zikija huja kwa kishindo. Milimita 30 zikinyesha juu ya hekta moja ya mabati na lami ni lita 300,000 za maji, na sehemu kubwa inafika mtaroni ndani ya muda mfupi kwa sababu hakuna pa kunywea.

Mabati na lami vimeongezeka mno. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji la Dodoma. Ya 2022 ilihesabu 765,179. Kati ya sensa hizo Serikali ilihamia Dodoma, na Aprili 26, 2018 manispaa ikatangazwa kuwa jiji. Nimefurahia kukua huko kama wengine wote hapa. Lakini kila nyumba mpya mteremkoni ilipeleka maji yake kwenye mtaro uleule, na kila kiwanja kilichosafishwa majani kilipeleka mchanga wake. Babu mmoja wa Kigogo aliyezaliwa eneo hili, tulipokwenda kumsalimia na kumuuliza njia ya maji ilikuwa wapi zamani, alionyesha kwa fimbo mahali ambapo leo ni ukuta wa nyumba tatu. Korongo lilikuwa pana, ng'ombe wakinywa humo baada ya mvua. Tumelifinya likawa mtaro, kisha tukashangaa mtaro unajaa.

Kuhusu nailoni kuna jambo la kusema kwa haki. Katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea, lililoanza Juni 1, 2019, lilifanya kazi. Mifuko ile mikubwa ya rambo iliyokuwa ikipepea kwenye miiba kandokando ya barabara zetu imepungua mno, na kwenye karavati hatukukuta mingi. Kabla yake, Machi 1, 2017, pombe za viroba zilipigwa marufuku, na vipakiti vyake vikatoweka mitaroni. Sheria ikigusa bidhaa moja, mtaro unaonyesha tofauti. Bangladesh ilipiga marufuku mifuko ya polithini mwaka 2002 kwa sababu hiihii, baada ya mafuriko makubwa ya 1988 na 1998 ambamo mifuko ilionekana kuziba mifereji. Tatizo ni kwamba vifungashio vya bidhaa havikuwa ndani ya katazo, na kifungashio chepesi kisicho na nembo kikageuzwa kuwa mfuko wa kubebea nyanya za shilingi mia tano. Huo ndio uliotanda kwenye karavati letu.

Rundo la ukingoni

Baada ya mafuriko ya msimu wa kwanza, mtaa ulifanya kile ambacho kila mtaa hufanya. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi ambayo utaratibu wake ulipata nguvu tangu Desemba 9, 2015 sherehe za Uhuru zilipogeuzwa kuwa siku ya kufanya usafi nchi nzima, watu walijitokeza kwa wingi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, kama kawaida, na nawashukuru. Mtaro ulizolewa mpaka sakafu ya zege ikaonekana. Tope likawekwa ukingoni, rundo baada ya rundo, mtaro mzima.

Pale ndipo kazi ilipoharibika, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu naona jambo hili karibu kila ninapopita mjini.

Mtaro uliojengwa pamoja na barabara ni mali ya mwenye barabara. Taka ngumu, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ni jukumu la mamlaka za serikali za mitaa. Sasa tope lililotoka mtaroni, lenye mchanga na nailoni na pempasi kwa pamoja, ni la nani? Gari la taka halikulibeba, kwa maelezo kwamba ni mchanga na mchanga unaharibu gari. Upande wa barabara ulisema kazi ya kuzibua imeshafanywa na wananchi, kilichobaki ni taka. Barua ya mtaa ilikwenda ofisi moja, ikaelekezwa nyingine, ikarudi. Kila aliyetujibu alikuwa na hoja. Wakati huo rundo lilikuwa linakauka juani, wapita njia wakilikanyaga, bodaboda wakilikata kwa matairi. Mvua iliyofuata ilianza na rundo hilo. Kilichotolewa kwa jasho la Jumamosi kilirudi ndani ndani ya dakika chache, kikiwa kimelainika vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Watu waliojitolea wakiona hivyo mara moja, mara ya pili hawaji. Kwangu mimi hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya mtaro wenyewe.

Wavu

Ndipo likaja wazo la wavu. Fundi wa kuchomelea wa hapahapa mtaani alitengeneza kwa nondo za milimita 12, zimesimama wima, zimeachana kama upana wa ngumi, akaufunga kwenye zege la mdomo wa karavati. Alifanya alichoagizwa na alikifanya vizuri. Wavu ulisimama imara hata mafuriko hayakuutikisa, na hilo ndilo lililotuumiza.

Mvua ya kwanza ilipofika, taka za kiangazi kizima zilifika kwenye nondo kwa mpigo mmoja. Karavati likiwa wazi, sehemu ya taka hupita na kwenda korongoni. Ni mbaya kwa korongo, lakini inapita. Wavu haukupitisha kitu. Salfeti ililala juu ya nondo, nailoni ikatanda juu ya salfeti, na ndani ya muda mfupi tulikuwa na ukuta wa kimo cha karavati zima. Mtu wa kusogea na kuzoa hakuwepo, na hata angekuwepo asingethubutu, maana maji yenye kasi mbele ya wavu yanambana mtu kwenye nondo. Maji yalipata njia pekee iliyobaki, ambayo ni juu ya barabara na kwenye vyumba vya watu. Siku ya pili yake fundi yuleyule aliitwa na grainda kuukata.

Nimesoma sana tangu siku ile jinsi miji mingine inavyofanya, na naweza kusema wazi kasoro ilikuwa wapi. Wavu wa kuzuia taka mbele ya karavati hutakiwa ulale kimteremko, si kusimama wima, ili taka zisukumwe kupanda juu yake na sehemu ya chini ibaki inapitisha maji. Eneo lake liwe kubwa mara kadhaa kuliko mdomo unaolindwa, ili ukizibwa nusu bado maji yapite. Lazima kuwe na njia ya ziada, juu au pembeni, ambayo maji yatapita wavu ukijaa. Na mtu aweze kuusafisha kwa reki akiwa amesimama pakavu. Wavu wetu haukuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

California, Marekani, ambako miji inalazimika kisheria kuzuia taka zisifike mitoni, kanuni za mwaka 2015 zinataka chombo kinachohesabika kuwa kamili kinase kila kitu cha milimita 5 au zaidi katika mvua ya saa moja ambayo kwa wastani hutokea mara moja kwa mwaka. Ukisoma haraka utaona milimita 5. Mimi ninaloliona kubwa ni sehemu ya pili: kanuni inataja mvua. Inakubali kwamba kuna mvua ambayo chombo hakitaiweza, na siku hiyo maji lazima yapite bila kuingia kwa watu. Los Angeles iliweka vichujio ndani ya maelfu ya matundu ya maji ya barabarani, yaani huko juu, kabla maji hayajakusanyika, na vikosi vya kuyasafisha vina ratiba.

Kwinana, mji mdogo wa Australia Magharibi, mwaka 2018 ulifunga nyavu za kamba kwenye midomo ya kutokea ya mabomba ya maji ya mvua, zikakusanya kilo 370 za taka katika miezi michache ya mwanzo. Picha zake zilizunguka dunia nzima, na mtaani kwetu pia zilifika kwa simu, watu wakiuliza kwa nini sisi tusifanye. Lakini wavu wa upande wa kutokea unalinda korongo, haulindi karavati. Taka zinakuwa zimeshapita chini ya barabara, kama zimepita. Baltimore wana gurudumu kubwa linaloendeshwa na mkondo wa maji na umeme wa jua, limewekwa mwaka 2014 pale mto Jones Falls unapoingia bandarini, linaokoa taka na kuzipandisha kwenye boti. Ni kifaa kizuri sana kwa mto unaotiririka mwaka mzima. Korongo letu kuanzia Mei ni njia ya miguu.

Hapa ndipo niliposhawishika kwamba kwa mji wa ukanda mkavu, kazi kubwa ya mtaro ni ya kiangazi. Siku ya mvua hakuna cha kufanya zaidi ya kutazama.

Kufuata taka zinakotoka

Kiangazi kilichofuata kamati ilitembea mtaro kutoka karavati kwenda juu, tukiweka alama ya chokaa kila palipo na taka nyingi. Nilitegemea zisambae. Hazikusambaa. Kulikuwa na madonge matatu makubwa, na kati ya donge na donge mtaro ulikuwa na takataka za kawaida tu. Donge la kwanza lilikuwa nyuma ya gulio: maganda, maboksi, majani ya kabichi. La pili na la tatu yalikuwa kwenye kona mbili zisizo na nyumba wala taa, na humo mlikuwa na majivu ya jikoni, pempasi, nywele za saluni na mabaki ya unga. Taka za majumbani, mbali na nyumba yoyote.

Mwenyekiti alimuuliza mama mmoja muuza mboga, mtu mwenye heshima yake, kama anajua zinatoka wapi. Akajibu, "Mwenyekiti, mimi taka zangu nampa kijana wa mkokoteni na ninamlipa. Anakokwenda kuzimwaga mimi sijui." Wengine saba au wanane walisema hivyohivyo. Tulikuwa tumewahubiria miaka yote wasitupe taka ovyo, na wao kweli hawakuwa wakitupa. Walikuwa wakilipa.

Wapo waliotaka mgambo wawavizie vijana usiku. Mwenyekiti alikataa, akawaita mchana, barazani kwake, akawakaribisha maji. Walikaa kimya mwanzoni. Mwisho mmoja akasema: "Shikamoo mzee. Kontena liko ng'ambo ya barabara kubwa, kupanda mlima. Ukifika limejaa, mlinzi anakufukuza. Kurudi na mzigo wa mama wa watu nyumbani kwake siwezi, ameshanilipa." Hapo ndipo taka za mtaa mzima zilipokuwa zinakwama: kati ya mkono unaolipa na kontena lililojaa.

Hatua zilizofuata zilitokana na maneno ya kijana yule zaidi ya kitu kingine chochote. Pembeni ya gulio paliwekwa kituo kidogo cha kupokelea, chenye sakafu na kuta za matofali kimo cha kiuno, na kirikuu cha kukodi kinapita siku maalumu kupeleka dampo. Wenye mikokoteni hulipwa sehemu wanapochukua na sehemu wanapoonyesha kadi iliyopigwa muhuri kituoni. Fedha ni zilezile watu walizokuwa wakilipa, ila sasa zina mahali pa kuishia. Vijana wenyewe ndio wanaotenga chupa na maboksi kabla ya gari kufika, wakauze.

Kwenye mitaro midogo minne ya vichochoroni tuliweka vikapu vya nondo na wavu wa kuku, vyenye mikono miwili ya kunyanyulia, vifupi kuliko kina cha mtaro ili vikijaa maji yapite juu. Kila kikapu kina jirani yake: mama lishe, fundi baiskeli, mwenye duka, kinyozi. Kikapu cha mtaro mdogo watu wawili wanakinyanyua wakicheka. Kikijaa kwa mvua kubwa, hasara yake ni ya kichochoro kimoja, tena kidogo, si ya barabara.

Na usafi mkubwa ukahamishiwa Oktoba. Sababu ya kwanza ni dhahiri, uwe kabla ya mvua na baada ya sehemu kubwa ya upepo. Ya pili tuliigundua tukiwa kazini. Oktoba lile tope ni vumbi. Unalipitisha kwenye chekecheo la mafundi ujenzi, lile la wavu lililoegemezwa kwenye mti, na mchanga unadondoka upande mmoja, nailoni na takataka upande mwingine. Mchanga ukaenda kujaza mashimo ya vichochoro, usihitaji gari wala barua kwa mtu. Kilichobaki cha kubebwa kilikuwa chepesi na kidogo kuliko tulivyowahi kuona. Lile swali la tope ni la nani halikujibiwa na ofisi yoyote, lakini lilikosa cha kuuliza. Januari huwezi kufanya hivyo. Tope bichi halichekechwi.

Kanuni moja tuliiandika kwenye daftari la mtaa na kuisoma kwa sauti kabla ya kuanza: hakuna kuzoa kabla chombo cha kubebea hakijafika. Siku moja kirikuu kilichelewa na watu walikaa kivulini na majembe yao mpaka kikaja. Baadhi walinung'unika. Mwenyekiti hakutetereka.

Msimu wa tatu

Mvua kubwa ya kwanza ilipita chini ya barabara. Januari ikaja nyingine nzito zaidi, maji yakagusa ukingo wa lami kwa muda, kisha yakashuka. Vyumba vya chini ya gulio havikuingiwa. Sitaki mtu achukue msimu mmoja kama ushahidi kamili. Mvua hazifanani, na huenda zile mbili zilizotufurika zilikuwa kali kuliko hizi. Ninachoweza kusimamia ni kile kilichotolewa karavatini Aprili: mchanga kiasi cha kifundo cha mguu, matawi machache, pempasi.

Pempasi hazijapungua hata kidogo. Hazina mnunuzi, hazichekechwi, mtu anaona aibu kuziweka mbele ya kijana wa mkokoteni, hivyo zinafungwa gizani na kutupwa gizani. Wakinamama wenyewe ndio waliolisema hili kwenye kikao, na pendekezo lao ni pipa lenye mfuniko nyuma ya kliniki ya watoto, lihesabiwe kwenye safari za kirikuu. Naliunga mkono kabisa. Fedha ya safari ya ziada bado haijapatikana.

Mtaa wa juu yetu hauna vikapu wala kituo, na mwisho wa mtaro wao ndio mwanzo wa wetu. Huko ujenzi umepamba moto. Mchanga na kokoto vinamwagwa barabarani na mvua inagawana na fundi. Mtendaji wa kata ameahidi kuwakutanisha wenyeviti wote wawili kabla ya Oktoba.

Na maji yetu hayaishii korongoni. Makorongo ya upande huu yanaelekea Kinyasungwe Ndogo, mto wa msimu unaolijaza Bwawa la Hombolo lililojengwa mwaka 1957, bwawa ambalo wavuvi na wakulima wake wanalalamikia mchanga kwa miaka mingi. Kinyasungwe inaingia Mkondoa, Mkondoa inaingia Wami, na Wami inamwaga baharini karibu na Saadani. Ni mito hiyohiyo iliyong'oa Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010.

Mchoro wa wavu mpya wa karavati upo tayari: umelala, una bawaba, una nafasi ya maji kupita juu, na una jukwaa la zege la mtu kusimama na reki. Mhandisi kijana, mkazi wa hapa, ameuchora bila malipo. Kamati imekubaliana usifungwe mpaka majina ya watakaoushika zamu, Novemba hadi Aprili, yawe yameandikwa na wenyewe wametia sahihi. Mpaka sasa yamepatikana majina ya miezi minne.